Mstari wa Ziada kwenye Shali ya Subilaga

"Afumuaye mapema hafumui yote." Ndivyo mlivyomsikia mama mwenye nyumba hii akimwambia mwanawe leo asubuhi, nanyi mkatazamana. Mmeniuliza mbona anazungumza habari za kufumua na kijana ambaye hajashika sindano tangu azaliwe. Basi sogeeni karibu na moto, maana baridi ya huku haina adabu. Methali hii mwanzo wake ni huu.

Katika kijiji cha Lupando, kule Rungwe ambako ukungu hushuka mlimani saa nane za mchana na mtu akapotea hatua kumi kutoka mlangoni kwake, aliishi binti aitwaye Subilaga. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yake alikwisha kufariki. Alikaa na mama yake, Sekela, mwanamke wa kwaya ambaye kiti chake kanisani hakikuwahi kuwa kitupu. Nyumba ya jirani alikaa shangazi yake, Anyelwisye, dada wa marehemu baba. Shangazi ndiye aliyemfundisha kufuma, na watoto wengi waliopita njiani asubuhi kwenda shule walikuwa wamevaa masweta yaliyotoka mikononi mwa hao wawili.

Nyumbani kwa Sekela alikuwepo pia mtoto wa kike wa miaka mitano, Bupe. Kijiji kizima kilimjua kuwa ni kitinda mimba wa Sekela, kitoto alichoachiwa na marehemu mumewe. Haikuwa hivyo. Aliyemzaa Bupe ni Subilaga. Alipata mimba akiwa na miaka kumi na tisa, na kijana aliyehusika akaenda kwenye machimbo ya Chunya, asirudi wala kuandika. Mwezi uleule baba yake Subilaga akafariki. Matanga yalipokwisha, Sekela alimchukua binti yake wakaenda kwa ndugu zao Kyela, wakakaa huko mwaka mzima. Waliporudi, mtoto alikuwa mgongoni mwa Sekela. Watu wakasema, maskini mjane, mume amekwenda amemwachia mzigo mtamu. Hakuna aliyeuliza zaidi. Shangazi Anyelwisye alijua, na alinyamaza kwa sababu Sekela alimwomba anyamaze.

Sasa, katika shule ya sekondari iliyokuwa ng'ambo ya mto, alikuja mwalimu wa hesabu aitwaye Gwamaka. Alifika kwa akina Subilaga kuagiza sweta, maana alitokea upande wa joto na baridi ya Lupando ilimtesa. Alikuwa amesimama mlangoni akipimwa mabega wakati Bupe alipoingia mbio na kujificha katika kanga ya Subilaga.

"Huyu mdogo wako?" Gwamaka akauliza akicheka.

Subilaga aliitikia kwa kichwa. Ni hilo tu alilofanya.

Sweta likaisha, Gwamaka akaagiza la pili ambalo hakulihitaji, na mambo yakaenda yanakokwenda. Miezi sita baadaye alimpeleka Subilaga kwa mama yake. Mama huyo, Mwalimu Tusajigwe, alikuwa amefundisha hesabu shule za msingi kwa miaka thelathini, na ingawa alikwisha kustaafu, watu bado walinyoosha mgongo walipomwona. Alimwuliza mgeni wake, "Mko wangapi kwenu?"

"Mama, mimi na mdogo wangu," Subilaga alijibu. Angejibu nini tena, na Gwamaka amekaa hapo?

Kisha mshenga akaja Lupando kubisha hodi, na kama ilivyo desturi akauliza kama binti ana mtoto. Sekela alijibu "Hana" kabla Subilaga hajavuta pumzi. Kila jibu lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia, na kila moja lilizaliwa na yale yaliyokuwa nyuma yake.

Siku ya utambulisho ikapangwa. Siku hiyo ukoo wa Gwamaka ungefika Lupando, mshenga angeuliza maswali yake mara ya mwisho mbele ya watu wote, na binti angemvika mama mkwe kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Subilaga aliwaza kufuma shali yenye maua.

"Mama hapendi maua," Gwamaka akamwambia. "Mfumie hesabu."

"Hesabu inafumwaje?"

Gwamaka aliinama akaokota kokoto uani. Akaweka moja, akaweka nyingine moja, kisha mbili, kisha tatu, kisha tano, kisha nane. "Kila safari unajumlisha mbili zilizotangulia," alisema. "Moja na moja, mbili. Moja na mbili, tatu. Mbili na tatu, tano. Haina mwisho. Mama alinifundisha kwa punje za mahindi kabla sijaanza shule. Akiiona, ataijua."

Subilaga aliipenda hesabu ile. Hakuiandika popote, maana aliona ni jambo dogo la kukaa kichwani. Yeye na shangazi walipanga shali iwe ya michirizi miwili miwili, buluu na nyeupe, ikianzia shingoni kwa vitanzi vichache na kupanuka kila mstari, kama bawa linavyokunjuka. Mstari mmoja wa buluu, mmoja wa nyeupe, miwili ya buluu, mitatu ya nyeupe, na kuendelea mpaka mchirizi wa mwisho wa mistari ishirini na moja. Na mstari katika ufumaji ule si njia moja. Ni kwenda na kurudi. Shangazi alikadiria uzi, wakaenda Tukuyu, wakanunua madonge ya mwisho ya buluu ile iliyokolea kama mawingu ya mvua. Mwenye duka aliwaambia rangi hiyo haitakuja tena mwaka ule.

Subilaga alianza kufuma kwa sindano mbili ndefu za mianzi. Alipokuwa kwenye mchirizi wa nne, ule wa mistari mitatu ya nyeupe, Bupe aliingia analia na goti linavuja damu. Sekela alikuwa jikoni, karibu na mlango, lakini mtoto alimpita akaenda moja kwa moja kwa Subilaga. "Dada! Dada!" Subilaga aliweka sindano chini, akaosha goti, akalifunga kitambaa, akamkalisha mtoto mapajani mpaka kilio kikakatika. Kisha akashika tena kazi yake, akafuma, akabadili uzi, akaingia kwenye buluu.

Mstari wa kwanza wa buluu ulipokwisha, aliinua kazi yake mwangani. Nyeupe ilikuwa mistari minne.

Akahesabu tena. Minne.

Kulirekebisha kosa lile ilikuwa kazi ya muda wa kuchemsha chai. Angefumua mstari wa buluu, angefumua na ule wa ziada wa nyeupe, angeendelea. Lakini alikuwa amechoka, na moyo wake ulikuwa bado kwa mtoto. Akasema moyoni, mstari mmoja tu, nani atauona? Kisha, ili shali isiwe ya ovyo, akajumlisha kutokana na kile kilichokuwa mikononi mwake. Mbili na nne, sita. Akafuma sita za buluu. Nne na sita, kumi. Akafuma kumi za nyeupe. Sita na kumi, kumi na sita. Hesabu yote ilikuwa sawa, ila ilisimama juu ya kosa.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya wageni, Subilaga alikuwa amekaa barazani kwa shangazi akifuma ule mchirizi wa kumi na sita. Alipomaliza mstari wa kumi na moja aliingiza mkono kapuni kuchukua buluu, na vidole vikagusa ukili wa kapu.

Akapindua kapu. Lilianguka donge la nyeupe, likabiringika mpaka ukutani. Buluu haikuwepo.

"Shangazi," aliita. "Buluu imekwisha."

Anyelwisye alitoka ndani akifuta mikono. "Haiwezi kuisha. Niliipima mwenyewe, na nikaongeza kidogo ya akiba." Alichukua shali, akaitandaza mapajani, akaanza kuhesabu kwa ukucha. Moja. Moja. Mbili. Alipofika kwenye mchirizi wa nne kidole kilisimama. Hakuhesabu zaidi.

"Ulijua lini?"

Subilaga alitaka kusema kwamba amejua sasa hivi. Neno lilifika ulimini. "Nilijua palepale," akasema. "Nilikuwa nimekwenda mstari mmoja tu mbele."

"Na ukaendelea."

"Niliona ni kidogo, shangazi."

"Kilikuwa kidogo," Anyelwisye akakubali. "Shali hii kadiri inavyokwenda inapanuka. Mstari mmoja wa huku juu unakula uzi wa kidole. Huku chini umekula madonge."

Sekela alikuwa amesikia, akaja na mwiko bado mkononi. "Mambo gani haya ya kusumbuka? Malizieni kwa buluu nyingine. Au mpeni kitenge. Kitenge kizuri, kipya, mambo yaishe."

"Wifi, yule mama atahesabu," shangazi alisema.

"Ahesabu, basi! Nani atafumua shali nzima leo Alhamisi na wageni wanakuja Jumamosi?"

Subilaga alitazama kazi ya siku nne. Kisha alichomoa sindano.

Mnajua uzi unavyofumuka. Haulii, haukwami, unakimbia tu, kana kwamba ulikuwa ukingoja. Subilaga alivuta na shangazi akakunja donge. Bupe alikuja akakaa katikati yao, akanyoosha mikono miwili midogo ili uzi upitie hapo usijifunge. Wakafumua mistari ishirini na minane. Mchirizi wa kumi na sita ukaenda, ukafuata wa kumi, ukafuata wa sita. Walipofika kwenye ule mstari wa ziada, shangazi aliacha kukunja. Alimtazama Bupe, akamtazama Subilaga, akainamisha macho.

Subilaga alimwona mshenga akilini, amesimama uani Jumamosi, anauliza. Akajisikia mwenyewe akijibu. Akaiona na siku ya ndoa, mchungaji anauliza. Akaiona nyumba ya Gwamaka, Bupe amekuja kutembea likizo, amejikwaa, analia, anaita. Miaka ishirini ya kujibu.

Alifumua mstari ule wa nne. Akavirudisha vitanzi kwenye sindano kimoja kimoja, akampa shangazi shali.

"Nishikie," alisema. "Ninakwenda shule."

Shangazi alielewa. "Mama yako atakuua."

"Najua."

Aliondoka kupitia nyuma, akashuka mtoni, akapanda upande wa pili. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Alifika shuleni wakati wa mapumziko ya mchana, akamkuta Gwamaka nje ya darasa, ana chaki mkononi na vumbi jeupe kwenye mkono wa lile sweta la kwanza. Alipomwona, uso wake ulichangamka, na hilo lilimwumiza Subilaga kuliko kama angekunja uso.

"Mbona leo? Kuna nini?"

"Gwamaka, Bupe si mdogo wangu," alisema Subilaga. Alijua akianza kwa kuzunguka hatafika. "Ni mwanangu. Nimemzaa mimi."

Wanafunzi walipita, wakamwamkia Gwamaka, naye akaitikia bila kuwatazama.

"Nilikuuliza," alisema mwishowe. "Siku ya kwanza kabisa, nimesimama mlangoni kwenu, hata jina lako silijui vizuri. Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nisingejali! Siku ile ningejali nini? Nilikuja kupimwa sweta." Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Na mama yangu je? Ulimwambia hivyohivyo, umekaa kwenye kiti chake?"

"Nilimwambia."

"Na keshokutwa? Mshenga angekuuliza mbele ya wajomba zangu wote. Ungesemaje?"

Subilaga angeweza kusema kwamba angekiri. "Mpaka leo asubuhi," alijibu, "ningesema sina."

Chaki ilikatika mkononi mwa Gwamaka. Kengele ikalia. Alivitazama vipande vile viwili, akaviweka mfukoni, akageuka akaingia darasani. Hakusema watakuja wala hawatakuja. Subilaga alisimama pale mpaka aliposikia sauti yake ndani ikiwaambia wanafunzi wafungue madaftari, sauti ya mtu anayesoma barua isiyo yake. Kisha akarudi nyumbani.

Alimwambia mama yake mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Sekela alikuwa anamenya viazi. Kisu kilisimama.

"Umenivua nguo," alisema polepole. "Mbele ya kanisa zima. Mimi niliyembeba mtoto wako mgongoni, niliyekulinda, niliyesimama mbele ya mchungaji nikasema huyu ni wangu abatizwe. Umewaza mimi nitasimama wapi Jumapili?"

"Mama, najua ulinisitiri. Lakini ungenisitiri mpaka lini?"

"Mpaka nife!" Sekela alipiga kelele, akasimama, viazi vikatawanyika. Alimchukua Bupe aliyekuwa anacheza mlangoni, akaingia naye chumbani, akafunga komeo. Mtoto alilia ndani, na kila alipolia Subilaga alisogea hatua moja kuelekea mlangoni, akasimama.

Ijumaa ilikuwa siku ndefu. Majirani walikuja kusaidia, wakamenya ndizi, wakachambua mchele, wakaimba. Hawakujua lolote. Sekela alipita kati yao na uso wa jiwe. Subilaga alikaa barazani kwa shangazi akifuma, kama alivyofuma usiku kucha. Safari hii alichukua mkaa akaandika hesabu zote ukutani, kutoka moja mpaka ishirini na moja, na kila mstari alipoumaliza alichora alama. Macho yake hayakwenda njiani. Masikio ndiyo yalikwenda. Baiskeli ikipita, sindano zinasimama. Mbwa akibweka, sindano zinasimama. Hakuja mtu. Haikuja barua.

"Shangazi, niwaambie hawa wanawake waache kupika? Pengine wageni hawapo."

"Wewe fuma."

"Nitamvika nani?"

"Fuma, mwanangu. Hilo ndilo lililo mikononi mwako. Mengine hayako mikononi mwako tena."

Jumamosi, saa nne ndiyo iliyokuwa saa ya wageni. Saa nne ikafika, Subilaga alikuwa amefunga kitanzi cha mwisho. Viti vilikuwa vimepangwa uani, na wazee wa ukoo wa baba yake walikuwa wamekaa na makoti yao. Saa tano ikapita. Wazee wakaanza kutazamana. Saa sita, mmoja akauliza kwa sauti kama kuna mto umefurika ambao yeye hajausikia. Wanawake jikoni waliacha kuimba. Sekela alikaa sakafuni, amemshika Bupe mapajani, midomo yake imebana.

Saa saba kasoro, mtu akasema, "Wale pale."

Walikuwa wachache. Walitegemewa watu ishirini, walikuja watano. Mbele alitembea Mwalimu Tusajigwe, mwembamba, amenyooka, na mshenga nyuma yake na wajomba wawili. Gwamaka alikuwa wa mwisho. Hakuingia uani. Alisimama nje, penye ua wa matete, mikono mfukoni.

Mshenga alikohoa, akaanza maneno yake ya heshima kuhusu jogoo aliyeona mtetea. Mwalimu Tusajigwe aliinua kiganja.

"Leo nitauliza mimi," alisema. "Nina swali moja. Binti ana mtoto?"

Subilaga aliona mdomo wa mama yake unafunguka. Aliona macho ya wazee. Alitembea mpaka katikati ya ua.

"Ninaye, Mwalimu. Anaitwa Bupe, ana miaka mitano. Watu wote hapa wanamjua kuwa ni mdogo wangu. Nimemzaa mimi. Nilikudanganya nyumbani kwako."

Nyuma yake ilipanda sauti kama nyuki waliotikiswa. Mzee mmoja alisimama, akaketi tena. Jikoni mwanamke alisema "Yesu wangu." Sekela alifunika uso kwa kanga.

Mwalimu Tusajigwe alingoja mpaka wakanyamaza, kama mtu aliyezoea kungojea darasa. "Mwanangu aliniambia juzi," alisema. "Tangu juzi hatujaelewana ndani ya nyumba ile. Yeye hakutaka kuja. Nilimwambia, amekwambia wewe peke yako pembeni, na hilo ni jambo. Lakini mimi nataka kumsikia akiwa mbele za watu, mahali ambapo ukweli una bei. Ndiyo sababu tumechelewa."

Subilaga aliikumbuka shali mkononi mwake. Aliitoa kwa mikono miwili, akapiga goti. "Hii niliifuma kwa ajili yako. Kama posa imekwisha, imekwisha. Lakini hii ni yako."

Mama yule aliichukua, akaitazama, na uso wake ukabadilika kidogo. Kidole chake kikaanza kusafiri kutoka shingoni kushuka. "Moja. Moja. Mbili. Tatu." Wazee walinyoosha shingo. "Tano. Nane. Kumi na tatu." Mchirizi wa mwisho aliuhesabu kimyakimya, midomo ikicheza. "Ishirini na moja. Haina kosa."

"Ilikuwa nalo," Shangazi Anyelwisye alisema kutoka barazani. "Mwambie, Subilaga."

Basi Subilaga akasimulia yote, kuhusu goti la mtoto, mstari wa nne, sita, kumi, kumi na sita, na buluu ilivyokwisha. Mwalimu Tusajigwe alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Ulifumua mistari mingapi?"

"Ishirini na minane."

"Na siku ile ulipoliona kosa, ungefumua mingapi?"

"Miwili tu, Mwalimu."

"Na kama ungenivika hivyohivyo, nami nikaja kuhesabu mwakani, mtoto wa mwanangu yuko mgongoni mwako, ningefumua mingapi?"

Subilaga aliitazama shali. "Yote."

"Yote," Mwalimu Tusajigwe alisema. "Mpaka kitanzi cha kwanza. Nisingebakiza uzi juu ya uzi." Akawageukia watu, akiwa bado ameishika shali. "Wazee wangu, afumuaye mapema hafumui yote. Huyu binti hakufumua mapema kama ilivyompasa. Amechelewa, na ametuumiza. Lakini amefumua kabla ya ndoa. Iko mistari saba huku juu ambayo hakuigusa kwa sababu ilikuwa mizima. Kama mwanangu atataka, tutaanzia hapo."

Akajivika shali mwenyewe. Hakungoja kuvikwa, maana posa ile ilikuwa bado haijajibiwa.

Watu wote waligeuka kumtazama Gwamaka. Aliingia uani taratibu. Alisimama mbele ya Subilaga, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Sina jibu leo," alisema. "Siwezi kukudanganya na mimi. Nina hasira. Nipe muda."

"Chukua," Subilaga akasema.

Siku ile chakula kililiwa, kwa sababu kilikuwa kimepikwa, lakini hakuna aliyeimba. Sekela hakwenda kanisani Jumapili tatu. Ya nne alikwenda, akakaa viti vya nyuma, na mwanamke mmoja wa kwaya akatoka mbele akaja kuketi naye. Uchungu wake kwa binti yake ulichukua muda kupoa. Siku moja tu, wakiwa wanamenya viazi, alisema bila kuinua macho, "Usiku sasa ninalala." Subilaga akamsogezea kiazi kingine.

Gwamaka alikaa miezi miwili bila kuvuka mto. Kisha Jumamosi moja akavuka, akasema amekuja kumwona Bupe. Akakaa uani akimfundisha mtoto kupanga kokoto. Jumamosi iliyofuata akaja tena. Hakumwuliza Subilaga maswali mengi, lakini kila alilomwuliza lilijibiwa lilivyo, na hata lile jibu lililouma alilipokea. Walioana mwaka uliofuata baada ya mavuno. Mshenga aliuliza maswali yake kama desturi, na alipofika kwenye lile swali, Bupe mwenyewe alinyoosha mkono kama yuko darasani akasema, "Ni mimi!" Watu walicheka mpaka wazee wakafuta machozi.

Wanawake wa Lupando ndio waliolibeba neno lile. Walilisema sokoni mtu alipoficha kosa dogo, wakalisema vikaoni, likavuka mto, likavuka mlima, likafika kwa watu ambao hawajui kufuma na hawakumjua Subilaga. Limefika mpaka hapa. Sasa mrudieni yule kijana. Mwenzenu amevunja kitu cha watu, bado anajifikiria aseme au asiseme, na jua halijazama. Msimcheke. Mkumbusheni tu alichoambiwa na mama yake, kwamba afumuaye mapema hafumui yote.